Mdudu Aliyezoea

Mimi kukaa kitako nikisubiri kitu, siwezi. Mama anasemaga hata tumboni nilikuwa nagonga mlango. Sasa mtu wa namna hiyo, nani alimtuma akasomee kazi ya kuotesha bakteria? Bakteria hawana haraka na mtu. Unawapaka kwenye sahani, unatoboa vishimo, unadondosha dawa yako, unaifungia sahani kwenye joto, halafu unaambiwa nenda nyumbani kalale. Nilikuwa nalala basi? Nilikuwa nahesabu mabati.

Na safari hii haikuwa sahani ya masomo tu. Kaka yangu Burito, bodaboda wa Bunda mjini, alikuwa amelazwa hospitali kwa sababu ya mguu. Bomba la moshi la pikipiki yake mwenyewe lilimchoma chini ya goti, kakidonda kadogo tu, mama akakapaka majani yake mara kwa mara, kakakataa kupona mpaka kakawa kidonda cha kutisha. Daktari alitaka kumwingiza chumba cha upasuaji aondoe nyama iliyokufa kabla sumu haijaingia kwenye damu. Na Burito, mwanaume anayepita katikati ya malori bila kugusa breki, kisu anakiogopa kupita kifo. Akanipigia simu.

"Flora, wewe si unapima majani ya mama? Yakiua wadudu kwenye sahani yako, mimi sikatwi, narudi kwa mama anipake. Yasipoua, basi, nitaingia hicho chumba chao."

"Burito, sahani siyo hakimu."

"Kwangu ndiyo hakimu," akasema, akakata simu.

Mama yetu ni Skolastika, ila Butiama nzima inamwita Mama Burito, na ukiwa na kidonda utaelekezwa kwake hata na mtoto. Wanatoka Bugwema, wanakuja wavuvi kwa mtumbwi kutoka Rukuba wakiwa wamechanwa na ndoano. Anawapaka unga wa jani chungu, kichaka kilichoota nyuma ya jiko letu, wanapona, wanarudi kumshukuru na kuku. Mimi nilipoingia chuo pale Musoma na kutakiwa kuchagua utafiti, ningechagua nini kingine? Nikasema nitakamua jani la mama mpaka litoe siri yake.

Kukamua kwenyewe ni hivi. Unakausha majani kivulini, unayasaga, unaloweka kwenye spiriti, unatikisa, unachuja kwa karatasi, kisha unaifukuza ile spiriti kwa mvuke mpaka ubaki na kitu cheusi kinachonata. Hicho ndicho unachodondoshea bakteria. Shida ilikuwa moja: nyumbani kwetu dawa haisagwi mbele ya macho ya mtu. Bibi aliyemrithisha mama alimwambia kwamba macho ya watu yanakula nguvu ya dawa, na mama hajawahi kuvunja mwiko huo, hata kwangu mimi niliyemnyonya. Kwa hiyo alinipa unga tayari umesagwa, kwenye kopo la siagi. Mimi kwa kiherehere changu nikachuma na majani mengine mwenyewe, kichaka kilekile, siku ileile, nikaenda kuyakausha na kuyasaga Musoma. Nikavipima vyote kwenye sahani moja.

Asubuhi nikafungua. Jamani! Kuzunguka kishimo cha unga wa mama, bakteria walikuwa wametoweka. Duara safi, pana, unaona mwanga upande wa pili. Kwenye kishimo cha spiriti tupu bakteria walikuwa wameota kama kawaida, kwa hiyo kilichoua hakikuwa spiriti. Lakini kwenye kishimo cha majani niliyochuma mimi, nako walikuwa wameota mpaka ukingoni, wamestarehe. Nikabaki nimesimama nikitazama vishimo hivyo viwili, furaha na wasiwasi vikinigombania.

Hapo simu ikalia, mama. Mikono yangu ilikuwa na glavu. Kudura, mwenzangu wa maabara, mtoto wa muuza vitambaa pale mjini, ambaye mdomo wake haujawahi kuwa na mlango, akaidaka.

"Shikamoo mama! Majani yako yanaua wadudu! Yanaua kabisa, mashallah!"

"Kudura, ngoja kwanza! Kuna kishimo kingine sijakielewa!"

"Ningoje? Leo wewe ndiyo wa kunifundisha mimi kungoja? Dunia imekwisha."

Kabla sijavua glavu mama alikuwa ameshampigia Burito. Na kabla ya saa ya chakula muuguzi wa Bunda alikuwa ananipigia mimi: mgonjwa wenu ameondoka wodini akiegemea bega la bodaboda mwenzake, mnajua yuko wapi? Nilijua. Yuko Butiama, kitandani kwa mama, anapakwa.

Msimamizi wangu, Dokta Nicolaus, alipoiona sahani alinishika mkono akautikisa mpaka bega likauma. Alianza palepale kuzungumzia mkutano wa watafiti wa Mwanza, nani ataalikwa, na picha ya sahani itakaa ukurasa gani.

"Na haya niliyochuma mimi, Dokta? Mbona hayajafanya kitu?"

"Umekausha juani."

"Nimekausha kivulini."

"Basi msimu."

"Kichaka kimoja, Dokta. Siku moja."

"Flora," akasema, akivua miwani, "umepewa ugali, unauliza jembe. Kula."

Sikula. Nilizunguka maabara ile siku mbili nzima mpaka Kudura akanitishia kunifunga kwenye kiti. Ndipo nikaokota zile karatasi za kuchujia, ambazo nilikuwa sijazitupa, nikazitandaza karibu na dirisha. Ile ya majani yangu ilikuwa kijani tupu. Ile ya unga wa mama ilikuwa kijani, na katikati ya kijani kulikuwa na chembechembe za manjano. Nikazisugua kwa kidole. Jani gani la kijani linatoa unga wa manjano? Sikutaka kusema hata kwa Kudura kile nilichokuwa nakiwaza. Nikachukua begi nikaenda stendi.

Nilipofika nyumbani sikupitia mlango wa mbele. Nilizunguka nyuma, kwenye kichaka. Kuku wa mama walikuwa wanagombania kitu jalalani, nikadhani kumbikumbi. Nikainama. Vilikuwa vigamba vya kapsuli, vipande vyekundu na vipande vya manjano, vimekanyagwa na kudonolewa. Rangi mbili. Nani haijui rangi mbili? Ni dawa ya kuua bakteria, dukani unaipata bila kuulizwa unaumwa nini, watu wanaifungua na kunyunyizia unga wake kwenye kidonda, wanafunga kitambaa, wanaendelea na safari.

Kinu kilikuwa kinalia nyuma ya mkeka, pale mama anaposagia. Nikaufunua mkeka.

"Flora! Toka! Unaharibu dawa!"

"Imeshaharibika, mama. Hizi ni nini?" Nikamfungulia kiganja.

Alitazama vile vigamba, akanitazama mimi, na wala hakushtuka. Hilo ndilo lililonichoma zaidi.

"Si rangi mbili? Umesoma mpaka chuo hujui rangi mbili?"

"Tangu lini unaweka?"

"Tangu watu wapoteze subira. Zamani nilikuwaga nampaka mtu jani, anakwenda, anarudi, nampaka tena, mpaka mwili wenyewe unakubali. Siku hizi ukimpaka leo, kesho anakuja na uso umekunjika, mama dawa yako imezeeka. Nikaongeza kidogo. Kidogo tu, ncha ya kijiko. Dawa na dawa si zinasaidiana? Ubaya uko wapi?"

"Ubaya! Mama, nimepima kapsuli! Nimetikisa, nimechuja, nimekesha, watu wameshanishika mkono, Burito ametoroka hospitali, yote kwa sababu ya kapsuli ya dukani! Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Ningeuliza saa ngapi na dawa yenyewe haisagwi mbele ya mtu?"

Aliendelea kuushika mchi, bila kutwanga.

Burito alikuwa amesikia yote. Nilipoingia ndani harufu ilinipokea kabla yake, nikajikaza nisizibe pua. Alikuwa amelowa jasho, macho yanang'aa, na bado anacheka.

"Kwa hiyo dawa ya mama ina dawa ya hospitali ndani yake," akasema. "Sasa si ndiyo bora? Jani lipo, rangi mbili ipo. Hospitali wangenipa nini zaidi ya kisu?"

"Burito, mdudu niliyempima mimi ni wa maabara, wa kufugwa, ukimkemea anakufa. Wako ni wa porini. Sijui kama hii inamuweza."

"Hujui! Juzi ulijua, leo hujui. Wewe nenda kawe daktari wa sahani, mguu niachie."

"Sikio la kufa halisikii dawa!" nikafoka.

Neno likatoka, na mama alikuwa mlangoni. Watu wanalitumia neno hilo kila siku, kwa mtoto mtukutu, kwa mlevi, kwa mbuzi. Lakini mbele ya kitanda kile lilikuwa zito kupita lilivyopaswa kuwa, na nikatamani kulirudisha. Mama alimwangalia Burito kuanzia kichwani mpaka kwenye kitambaa kilicholowa alichofungwa mguuni. Nadhani ndiyo mara yake ya kwanza kumtazama kama mgonjwa wa mtu mwingine.

Simu yangu ikaita. Alikuwa Daktari Hezron wa Bunda, anayemtibu Burito. Nikaweka spika ili Burito asikie kwa masikio yake.

"Dada Flora, majibu ya usaha wake yametoka. Huyu mdudu amezoea dawa. Zile za kawaida zote amezoea, hata zile kapsuli wanazonunua madukani. Nilimuuliza mgonjwa, akaniambia hajatumia dawa yoyote, majani tu. Sasa mimi sielewi amezoeshwa na nani. Mleteni leo. Msingoje kesho, nawaomba."

Akakata. Burito akageukia ukutani. Mama akanivuta kanga, akanitoa nje.

"Mdudu anazoea vipi?"

Ningeweza kumpa somo zima la chuo. Badala yake nikamuuliza, "Mama, mbuzi akiingia kwenye mihogo yako, ukamrushia kijiwe kidogo, kila siku kijiwe kidogo, anafanyaje?"

"Siku ya kwanza anakimbia," akasema. "Siku ya pili anaruka kidogo. Baadaye anakutazama tu huku anatafuna."

Niliona anavyofika mwenyewe pale nilipokuwa nampeleka, hatua kwa hatua, na sikuwa na namna ya kumzuia.

"Ncha ya kijiko," akasema polepole. "Nilikuwa namrushia vijiwe."

Nilimwonea huruma mpaka nikajichukia kwa kuwa ni mimi niliyemwonyesha. Nilidhani atalia. Hakulia. Aliingia ndani, akasimama juu ya kitanda.

"Inuka."

"Mama, siendi."

"Sijakuuliza kama unaenda. Nimesema inuka."

Jirani yetu Mniko alikuwa na pikapu ya kubebea maziwa. Tukamlaza Burito nyuma, juu ya godoro, katikati ya madumu matupu, mama akakaa kichwani pake akimshikia shuka lisipeperuke. Mimi nilikaa mbele na Mniko, na njia nzima nilikuwa nakanyaga breki na mafuta ambayo hayakuwa upande wangu. Mniko akanicheka mwanzoni. Tulipotazama nyuma tukamwona Burito anatetemeka juani, akaacha kucheka, akaongeza mwendo.

Bunda, Daktari Hezron alifungua kile kitambaa, akatazama, akabonyeza huku na huku, akamuuliza Burito kama anasikia anapobonyezwa. Burito hakuwa anasikia. Daktari akaja kusimama mbele yetu.

"Juzi nilitaka kusafisha tu," akasema. "Leo mguu huu chini ya goti hauponi tena. Nikikata sasa naokoa goti lake, naokoa na yeye. Lakini lazima nijue dawa iliyokuwa ikitumika, nisije nikampa tena kitu mdudu alichokwisha kuzoea. Kidonda hiki kilikuwa kinapakwa nini?"

Wodi ilikuwa imejaa. Kitanda cha pili alikuwepo mzee wa Butiama ambaye mama alimtibu mguu zamani, amelazwa kwa presha, na masikio yake yalikuwa wazi. Nikafungua mdomo nimsaidie mama, nitafute maneno ya kitaalamu yatakayomfunika. Mama akanishika mkono.

"Nilimpaka rangi mbili," akasema kwa sauti ambayo wodi nzima ilisikia. "Ya nyekundu na manjano. Naichanganyaga kwenye jani. Yeye alikuwa hajui. Ni mimi."

Yule mzee akageuza kichwa. Burito akafumba macho. Daktari akaandika, akashukuru, wala hakuongeza neno la kumuumiza, na kwa hilo mimi bado namwombea.

Ikabaki Burito kukubali. Daktari akamweleza, akamweleza tena. Burito alikuwa hamwangalii yeye, alikuwa anamwangalia mama. Alimuuliza kwa Kizanaki, kwa sauti ya mtoto aliyekuwa anamfuata mama kisimani, "Mama, nikatwe?"

Mama alipiga magoti pale sakafuni, akamshika uso.

"Ukatwe, baba. Dawa yangu haimuwezi huyu."

Wakamsukuma. Mlango ukajifunga.

Tulikaa kwenye benchi la nje, mimi na mama. Nilikuwa nasimama, nakaa, nasimama. Mama alikaa tu, mkoba wake mapajani. Mniko alituletea chai, ikapoa hivyohivyo. Baadaye muuguzi akatoka akatuambia Burito anaendelea vizuri, goti limeokoka, tungoje azinduke. Nikalia mimi. Mama akaitikia kwa kichwa.

Ndipo akaja mama mmoja kijana, kitoto mgongoni, akasimama mbele yetu kwa furaha ya mtu aliyepunguziwa safari.

"Shikamoo Mama Burito! Kumbe uko huku! Mimi natoka Bugwema, nilikuwa nakuja kwako Butiama, nikasema nipite kwanza nimwone wifi yangu amejifungua hapa. Ona Mungu alivyo." Akamshusha mtoto, akafunua mguu wake. Kidonda kilikuwa juu ya kifundo, chekundu, kinang'aa pembeni. "Nipe unga kidogo tu. Ulinitibiaga na mimi nikiwa mdogo, mama yangu anasimuliaga mpaka leo. Jani lako tu, nikapona."

Mkono wa mama ulishaingia ndani ya mkoba. Ukabaki humo. Hakumtazama yule mama, alinigeukia mimi.

"Flora. Lile jani ulilochuma wewe mwenyewe. Tupu, bila kitu. Kwenye sahani lilifanya nini?"

Mdomo wangu haujawahi kukosa neno. Na maneno yalikuwepo, tena ya kweli: kwamba nimepima mdudu mmoja tu, kwamba huenda spiriti si njia yake, kwamba kuna mizizi, kuna magome, sayansi haijamaliza. Niliyaona yote yamejipanga. Na nilimwona mama anavyonitazama, na mkono ule ndani ya mkoba, na mguu wa mtoto wa watu.

"Halikufanya kitu, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akatikisa kichwa taratibu, akautoa mkono mtupu.

"Panga foleni pale dirishani, mwanangu," akamwambia yule mama. "Mtoto nipe mimi, nitakushikia."